Kwa nini Al-Shabaab hufukuzwa leo na kesho wamerudi? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila redio inapotangaza kuwa mji fulani wa Somalia umekombolewa, sisi wa Pwani tunaofuatilia habari hizo tunajiuliza: umekombolewa hadi lini? Maswali yaliyo hapa chini ndiyo yanayorudi zaidi barazani, misikitini na kwenye simu za ndugu walio mbali. Nimekaa kwenye Somalia ya kusini badala ya kuzunguka dunia nzima, kwa sababu inatugusa. Barawa, mji ulioshikwa na Al-Shabaab kwa miaka, ni mji wa Waswahili wenzetu. Wenyewe wanauita Mwini, na Chimwini chao ni lahaja ya Kiswahili. Kismayu na visiwa vyake ni kwa Wabajuni. Wanaoteseka huko si wageni kwetu.

Al-Shabaab ni nani hasa?

Jina ni la Kiarabu, maana yake vijana. Walianza kama kikosi cha vijana wenye silaha ndani ya Muungano wa Mahakama za Kiislamu, uliotwaa Mogadishu mwezi Juni 2006. Februari 2012 walitangaza rasmi utiifu wao kwa Al-Qaeda. Kiongozi aliyewajenga kuliko wengine, Ahmed Abdi Godane, aliuawa kwa shambulio la anga la Marekani Septemba 2014. Walimteua Ahmed Diriye ndani ya siku chache, wakaendelea na kazi. Shina la nguvu zao halikuwa mtu mmoja.

Mbona watu waliwakubali hapo mwanzo?

Hapa lazima turudi nyuma. Serikali ya Siad Barre iliporomoka Januari 1991, na wababe wa vita wakagawana Mogadishu mtaa kwa mtaa. Umoja wa Mataifa na Marekani waliingia mwaka 1992 kuokoa watu na njaa, wakaishia kupigana na Jenerali Aidid, mmoja wa wababe hao. Oktoba 1993 askari 18 wa Marekani waliuawa katika mapigano ya siku mbili, na kufikia Machi 1995 majeshi ya kigeni yalikuwa yameondoka yote. Raia wakabaki na wababe wao.

Maisha ya miaka ile yalikuwa ya vizuizi. Lori la mahindi kutoka bonde la Shabelle lilisimamishwa na vijana wa ukoo huu, likalipa. Likaenda mwendo mfupi, likasimamishwa na wa ukoo ule, likalipa tena. Mwanamke aliyepita jioni hakuwa na uhakika wa kufika. Bandari kuu na uwanja wa ndege vilifungwa. Serikali ya mpito iliundwa nchini Kenya mwaka 2004, lakini haikuweza hata kuingia mji mkuu wake, ikakaa Baidoa.

Katika hali hiyo mahakama ndogo za mitaa zilianza kuamua kesi na kukamata wezi. Wafanyabiashara walizichangia kwa sababu walinzi wa mahakama waliwagharimu kidogo kuliko vizuizi kumi. Zilipoungana na kuwafukuza wababe wa vita mwaka 2006, vizuizi viliondolewa, bandari na uwanja wa ndege vikafunguliwa baada ya zaidi ya miaka kumi. Utulivu huo ulidumu miezi sita tu. Lakini mtu aliyetembea usiku katika mji ambao kwa miaka 15 hakuthubutu kutembea, hilo halisahau. Al-Shabaab wameishi miaka mingi kwa kumbukumbu ya miezi hiyo sita, ingawa wao hawakuwa Mahakama zote, na wala hawakuwa sehemu yao iliyo bora.

Ethiopia inahusikaje?

Inahusika sana. Desemba 2006 jeshi lake, likiungwa mkono na Marekani, liliingia kuisaidia serikali ya mpito na likazisambaratisha Mahakama kwa siku chache. Viongozi wa msimamo wa wastani wakakimbilia nje. Mmoja wao, Sheikh Sharif Sheikh Ahmed, alirudi na kuwa rais wa nchi Januari 2009. Waliobaki ndani wakipigana ni wale vijana.

Ikumbukwe kuwa Somalia na Ethiopia zilipigana vita vya Ogaden mwaka 1977 na 1978, na donda hilo halijapona. Kumwona askari wa Ethiopia akikagua watu Mogadishu kulitosha kumfanya hata asiyependa siasa kali amwone kijana wa Al-Shabaab kama mtetezi wa nchi. Mizinga ilipigwa kwenye mitaa ya raia, malaki wakahama. Kundi lililokuwa na wapiganaji mamia likawa la maelfu. Agosti 2008 wakatwaa Kismayu. Januari 2009 Waethiopia walipoondoka Baidoa, Al-Shabaab wakaingia mji huo huo uliokuwa makao ya serikali. Kwa maoni yangu hakuna kosa lililowajenga kuliko hilo.

Wao ni wachache. Wanawezaje kushika eneo kubwa hivyo?

Makadirio ya Umoja wa Mataifa ya miaka ya karibuni yanawaweka kati ya 7,000 na 12,000. Kikosi cha Umoja wa Afrika kilipokuwa kikubwa zaidi kilifika askari 22,000 na ushei kutoka Uganda, Burundi, Kenya, Ethiopia na Djibouti, mbali na jeshi la Somalia lenyewe. Kwa hesabu ya vichwa, vita hivi vingekwisha zamani.

Tatizo ni kwamba tunaifikiria ardhi kama shamba lenye ua, mwenye ua ndiye mwenye shamba. Somalia ya kusini haiko hivyo. Askari wa serikali au wa Umoja wa Afrika yuko ndani ya kambi, nyuma ya mifuko ya mchanga, na barabara inayotoka kambini imetegwa mabomu. Kilomita chache kutoka hapo ni kijiji. Al-Shabaab hawana haja ya kuweka kambi kijijini. Wanamhitaji mtu mmoja wa kukusanya zaka, mmoja wa kusikiliza habari, na wapiganaji wachache wanaopita mara moja kwa juma. Mwanakijiji anajua kuwa akiwaficha habari za kambi, ipo siku watamgongea mlango.

Kazi hiyo ya kusikiliza na kuua inafanywa na kitengo chao cha ujasusi, Amniyat. Kina watu sokoni, kina watu ofisini, na imewahi kubainika mara kadhaa kuwa kina watu ndani ya vyombo vya serikali. Watu wengi wanaokiogopa hawajawahi kumwona hata mtu wake mmoja.

Kwa nini mji ukishakombolewa haukai?

Tuchukue Merka, mji wa bandari kusini ya Mogadishu. Tarehe 5 Februari 2016 askari wa Umoja wa Afrika waliondoka mjini. Siku hiyo hiyo Al-Shabaab wakaingia na kupandisha bendera yao. Kesho yake askari wakarudi, Al-Shabaab wakatoka. Oktoba mwaka huo Ethiopia iliondoa askari wake Halgan, El Ali, Tiyeglow na kwingineko. Kila kambi iliyoachwa ilichukuliwa bila vita.

Sasa jiweke mahali pa muuza duka wa Halgan. Askari walipofika, walimwomba taarifa. Labda aliwauzia chai na sukari, labda mwanawe aliajiriwa kufagia kambi. Asubuhi moja anaamka, malori ya jeshi hayapo. Wanaoingia wana orodha. Katika miji mingi iliyoachwa namna hiyo, waliodaiwa kusaidia askari walikamatwa na wengine kuuawa hadharani. Jeshi litakaporudi baada ya miaka miwili na kumwomba taarifa tena, atasema nini? Atasema hajui kitu, na wala si kwamba anawapenda Al-Shabaab.

Kuuteka mji hufanywa na kikosi cha mashambulizi chenye magari, ndege na waandishi wa habari. Kuushika kunataka polisi waliolipwa, hakimu anayefika kazini, kisima kinachotoa maji na diwani anayelala mjini humo. Kikosi cha kwanza kimefika mara nyingi. Hao wengine mara nyingi hawakufika, au walifika kwa wiki moja wakarudi Mogadishu.

Fedha wanatoa wapi?

Kutoka kwa Wasomali wenyewe, kwa kodi. Watu hupenda kusikia habari za matajiri wa Ghuba wanaotuma mabegi ya dola, na ni kweli fedha za nje ziliwahi kuingia. Lakini kwa miaka mingi mhimili wao umekuwa makusanyo ya ndani, ambayo wachunguzi wa Umoja wa Mataifa wameyakadiria kuwa zaidi ya dola milioni 100 kwa mwaka.

Mfumo wenyewe unafaa kueleweka vizuri, maana ndio siri kubwa ya ardhi yao. Lori linalotoka bandarini kwenda bara hulipa kwenye kizuizi cha Al-Shabaab kulingana na aina ya mzigo, kisha dereva hupewa risiti. Akifika kizuizi chao kingine, anaonyesha risiti na kupita. Kwenye barabara ya upande wa serikali dereva yule yule hulipa kwa askari mmoja, kisha kwa mwingine, kisha kwa wanamgambo wa ukoo, na hapewi karatasi. Madereva wengi wamewaambia watafiti kuwa huchagua njia ya Al-Shabaab, ijapokuwa ni ndefu, kwa sababu gharama yake inajulikana kabla ya safari.

Wafugaji hutozwa kwa jina la zaka: katika kila mbuzi 40 mmoja, katika ngamia 25 ngamia jike mchanga. Wakulima wa bonde la Shabelle hutozwa mavuno. Mogadishu, mji ambao serikali inausimamia, wenye maduka na wajenzi wa maghorofa hupigiwa simu na kutajiwa kiasi cha kulipa. Waagizaji bidhaa nao hutozwa kwa makontena yao, kwa sababu Al-Shabaab wamekuwa wakizipata orodha za mizigo ya bandarini. Mfanyabiashara wa Mogadishu, basi, hulipa kodi mara mbili, na anayempa hofu zaidi ndiye anayemlipa kwanza.

Zamani kulikuwa na makaa pia. Kismayu na Barawa zilikuwa bandari za kusafirishia makaa ya mgunga kwenda nchi za Ghuba, na Baraza la Usalama lilipiga marufuku biashara hiyo Februari 2012. Kenya na washirika wake wa Jubaland, jimbo la kusini linalopakana nayo, waliichukua Kismayu mwishoni mwa Septemba 2012, lakini ripoti za wachunguzi wa Umoja wa Mataifa zilionyesha kuwa makaa yaliendelea kutoka bandarini, na kila upande ukawa unapata fungu. Hilo linauma kulisoma. Misitu iliyokatwa haijarudi, na ukame uliofuata uliwakuta watu hawana hata kivuli cha kufungia mbuzi.

Na silaha?

Nyingi ni za kuteka. El Adde, Januari 2016, walivamia kambi ya askari wa Kenya na kuondoka na magari na silaha. Buulo Mareer, Mei 2023, walivamia kambi ya Waganda, na Rais Museveni mwenyewe alisema askari 54 waliuawa. Nyingine huvushwa kwa majahazi kutoka Yemen, na nyingine hutoka kwenye ghala za serikali: askari asiyelipwa mshahara huuza risasi ili watoto wale.

Inawezekanaje askari wa serikali asilipwe wakati misaada inaingia?

Fedha hupita mikono mingi. Kwa miaka mingi mishahara ya jeshi ilitolewa taslimu kupitia makamanda, na kamanda mwenye askari 400 kwenye karatasi angeweza kuwa na 250 uwanjani. Tanzania tunao msemo wa wafanyakazi hewa. Kule walikuwa wanajeshi hewa. Usajili wa alama za vidole na malipo ya moja kwa moja vilipunguza wizi huo kuanzia mwaka 2019, na hilo ni jambo jema linalostahili kusemwa. Ila jeshi lililozoea kupigana kwa kufuata kamanda wa ukoo halibadiliki kwa sababu ya mashine ya vidole peke yake.

Iraq iliwahi kuonyesha jambo hili kwa ukubwa wa kutisha. Juni 2014 Mosul, mji wa watu zaidi ya milioni, ulianguka mbele ya wapiganaji wachache wa Dola la Kiislamu, huku jeshi na polisi wa hapo wakiwa makumi ya maelfu kwenye vitabu. Mwishoni mwa mwaka huo Waziri Mkuu Haider al-Abadi alilieleza bunge kuwa wamegunduliwa wanajeshi hewa 50,000.

Ni kweli watu wa Mogadishu wanapeleka kesi kwa Al-Shabaab?

Ni kweli, na kesi za ardhi na nyumba ndizo nyingi. Watu waliokimbia mwaka 1991 wamerudi na kukuta nyumba zao zina watu wengine. Mahakama ya serikali inaweza kuchukua miaka, mwenye ukoo mkubwa au mfuko mnene hushinda, na hata ukishinda hakuna wa kumtoa aliyeingia. Hivyo mtu hupanda gari, hutoka nje ya mji, huenda kwenye mahakama ya Al-Shabaab Shabelle ya Chini. Kesi husikilizwa kwa siku chache, hukumu hutolewa, na aliyeshindwa hutii kwa sababu anajua kitakachompata asipotii.

Naomba nisieleweke vibaya. Mahakama hizo ndizo zilizokata watu mikono na kuwapiga wanawake mawe hadi kufa. Uamuzi unaotekelezwa kwa tisho la kuuawa si haki ninayomtakia mtu yeyote. Lakini mjane aliyenyang'anywa kiwanja hatafuti mfumo bora wa sheria duniani. Anataka kiwanja chake kabla hajafa. Serikali isiyoweza kumpa hicho imemwachia Al-Shabaab nafasi ambayo hakuna droni itakayoijaza.

Koo zina nafasi gani?

Kubwa. Tangu mkutano wa Arta, Djibouti, mwaka 2000, viti vya serikali hugawanywa kwa kanuni ya nne na nusu: koo nne kubwa, Darod, Hawiye, Dir na Rahanweyn, kila moja fungu sawa, wengine wote waliobaki, nusu fungu. Ndani ya hiyo nusu wamo Wabarawa, wamo Wabajuni, wamo Wasomali wa asili ya Kibantu wa bonde la Juba, ambao wengine ni Wazigua waliopelekwa utumwani huko karne ya 19 na bado wanasema Kizigua. Baadhi yao walikimbilia Tanzania vita vilipoanza, wakapewa makazi Chogo, Handeni, na baadaye uraia. Walirudi nyumbani kwa mababu baada ya karibu miaka mia mbili.

Kijana wa jamii hizo akibaki Somalia hana ukoo wa kumlipia kisasi wala waziri wa kumpigia simu. Shamba lake la mtoni linaweza kuchukuliwa na wanamgambo wa ukoo wenye bunduki na asipate pa kulalamika. Al-Shabaab hufika na kumwambia: kwetu hakuna ukoo, kuna Uislamu, nawe unaweza kuwa kamanda. Hawatimizi ahadi hiyo kikamilifu, maana nao ndani wana hesabu zao za koo, lakini kwa mtu aliyeitwa nusu tangu azaliwe, ahadi yenyewe ina uzito. Kwenye ugomvi wa malisho baina ya koo mbili hufanya hila nyingine: hujiunga na iliyo dhaifu, huisaidia ishinde, kisha huingia kijijini pamoja nayo.

Kwa hiyo si suala la dini?

Dini imo, hasa kwa viongozi wanaoamini kwa dhati wanayoyahubiri. Ila Uislamu wa Wasomali wengi ni wa kitarika, yaani wa kufuata njia za masufi. Sheikh Uways wa Barawa ndiye aliyeeneza tarika ya Qadiriya hadi Unguja na bara ya Afrika Mashariki. Al-Shabaab walipoanza kubomoa makaburi ya mashekhe mwaka 2008, wafuasi wa tarika katika mkoa wa Galgaduud walichukua silaha chini ya jina la Ahlu Sunna Waljama'a na kuwafukuza kwenye maeneo yao. Kama dini peke yake ndiyo ingewapa ardhi, wangekuwa na ardhi ndogo sana.

Vijana hujiunga kwa nini?

Sababu ziko nyingi, na kwa wengine hapakuwa na hiari: mwaka 2017 katika mikoa ya Bay na Bakool wazee wa vijiji waliamriwa kutoa watoto, na wazazi wakawavusha wanao usiku kwa usiku. Kwa waliojiunga kwa hiari, Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa lilichapisha mwaka 2017 utafiti wake katika nchi kadhaa za Afrika: asilimia 71 walisema kilichowasukuma mwisho ni kitendo cha serikali, kama kuuawa au kukamatwa kwa ndugu au rafiki. Katika utafiti wa pili wa mwaka 2023, robo walitaja kazi kama sababu kuu, na asilimia 17 walitaja dini.

Wazazi wa Mombasa na Kwale hawahitaji takwimu. Wapo waliopoteza vijana waliovuka mpaka, na wapo ambao vijana wao walichukuliwa na watu wenye bunduki na gari lisilo na namba, hawakuonekana tena. Kila kijana anayepotea namna ya pili huwapa waajiri wa namna ya kwanza maneno ya kusema.

Je, wanatawala vizuri basi?

Hapana. Mwaka 2011 ndio ushahidi. Ukame ulipopiga, walikuwa wameshayafukuza mashirika mengi ya chakula kwenye maeneo yao, waliendelea kukusanya mifugo, na waliwazuia baadhi ya watu kuondoka. Umoja wa Mataifa ulitangaza baa la njaa Julai 2011. Utafiti uliofanywa baadaye ulikadiria waliokufa kuwa karibu 260,000, nusu yao watoto wa chini ya miaka mitano. Waliofanikiwa kutembea hadi Kenya waliijaza kambi ya wakimbizi ya Dadaab hadi ikapita watu 400,000. Agosti mwaka huo kundi likajiondoa Mogadishu.

Katika nchi yenye utawala mwingine wa kukimbilia, kundi lililosababisha vifo vya namna hiyo lingekwisha. Al-Shabaab waliporudi vijijini baada ya mvua, hawakukuta mtawala mwingine aliyechukua nafasi yao.

Mwaka 2022 walipigwa vibaya. Nini kilibadilika?

Wenyeji ndio walioanza. Katika mkoa wa Hiran, wakati wa ukame mkali, Al-Shabaab waliharibu visima na kuchoma nyumba ili kuwaadhibu waliokataa. Wafugaji wa ukoo wa Hawadle wakachukua bunduki. Wanaitwa macawisley, kwa sababu ya macawis, kikoi wanachovaa wakipigana. Rais Hassan Sheikh Mohamud, aliyerudi madarakani Mei mwaka huo, alitangaza vita kamili mwezi Agosti na kulituma jeshi lipigane nyuma ya wenyeji hao. Kwa miezi michache walirudisha eneo kubwa kuliko miaka mingi iliyopita, hata Adan Yabaal, kituo kikuu cha kundi katika Shabelle ya Kati, Desemba 2022.

Kisha mambo yakakwama. Wapiganaji wa ukoo mmoja hawakubaliki kwenye ardhi ya ukoo mwingine, kwa hiyo moto wa Hiran haukuweza kupelekwa kusini. Miji iliyokombolewa haikupata polisi wa kutosha. Agosti 2023, kambi ya jeshi ya Osweyne ilivamiwa, na askari kwa hofu wakaacha miji kadhaa waliyokuwa wameitwaa. Februari 2025 Al-Shabaab walianza mashambulizi makubwa. Machi 18 msafara wa rais ulitegewa bomu ndani ya Mogadishu, na Aprili wakaichukua tena Adan Yabaal.

Ugomvi wa wanasiasa unachangia kiasi gani?

Kuliko wanavyokiri wenyewe. Aprili 2021, baada ya bunge kumwongezea Rais Farmaajo miaka miwili ambayo wapinzani waliikataa, vikosi vya jeshi viligawanyika kwa koo na kupigana Mogadishu. Baadhi ya askari waliacha mistari ya mbele Shabelle ya Kati kwenda mjini kumtetea au kumpinga rais. Al-Shabaab hawakuhitaji kupigana kuyapata maeneo hayo, walisubiri tu. Nyongeza ile ilifutwa mwezi uliofuata. Tangu hapo majimbo ya Puntland na Jubaland nayo zimevutana na Mogadishu kuhusu katiba na uchaguzi.

Goma na Cabo Delgado ni hadithi ile ile?

Sehemu tu. Waasi wa M23 waliingia Goma, mashariki mwa Kongo, mwishoni mwa Januari 2025 na Bukavu Februari. Huko pia kuna jeshi lililoliwa na rushwa na raia waliochoka. Lakini wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameeleza kuwa askari wa Rwanda kati ya 3,000 na 4,000 walikuwa upande wa M23, jambo ambalo Kigali inalikanusha, na kuwa ushuru wa madini ya koltani ya Rubaya uliwapa waasi kama dola 800,000 kwa mwezi. Al-Shabaab hawana jirani wa aina hiyo.

Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, inafanana zaidi. Wapiganaji ambao wenyeji huwaita Al-Shabaab, ingawa ni kundi jingine, walianza Mocímboa da Praia Oktoba 2017, kwenye pwani ya Wamwani, wenyeji wa huko, iliyoachwa nyuma huku rubi na gesi vikigunduliwa jirani. Waliushika mji huo kuanzia Agosti 2020 hadi askari wa Rwanda na Msumbiji walipouchukua Agosti 2021. Wamesikika wakizungumza Kiswahili, na watu wa Mtwara wamewapokea wakimbizi waliovuka Ruvuma.

Mazungumzo nao yanawezekana?

Serikali ya Somalia ilimteua Mukhtar Robow, aliyewahi kuwa naibu kiongozi wa Al-Shabaab, kuwa waziri wa mambo ya dini mwaka 2022. Kwa hiyo mlango wa mtu mmoja mmoja upo. Kundi zima halijaonyesha nia, na kwa nini lionyeshe wakati linakusanya kodi bila kugawana na mtu? Mimi naunga mkono kuzungumza, kwa sharti kwamba wanawake na watu wa ile nusu fungu wakae mezani.

Barawa iko vipi sasa?

Askari wa Uganda na wa Somalia waliingia Oktoba 2014, na tangu hapo bendera ya serikali iko mjini. Nje ya mji ni habari nyingine: mashamba na barabara ya kwenda Mogadishu vimebaki mahali pa mabomu na vizuizi. Mji huo ulikusudiwa kuwa makao makuu ya jimbo la Kusini Magharibi, lakini serikali ya jimbo ikakaa Baidoa. Wengi waliokimbia miaka ya 1990, wakapitia kambi za Mombasa, leo wako Uingereza na Marekani, na Chimwini wanakisema na wajukuu kwa simu. Wazee waliobaki Mwini husafirisha samaki na ndizi kama zamani. Gari likitoka mjini kwenda Mogadishu, dereva hubeba fedha za vizuizi vya pande zote mbili, na risiti anayoitunza mfukoni ni ya upande mmoja.